Watoto wenye ulemavu katika makao: Sahani kujaa si mtoto kushiba

MJI wa Chaka, ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Karatina kwenda Nanyuki, haujulikani kwa uhaba wa chakula. Ingawa ukame huikumba sehemu ya Kieni mara kwa mara, viazi, karoti, kabeji, maharagwe na maziwa hupatikana sokoni, na wasafiri wengi husimama hapo kula nyama choma.

Hata hivyo, katika nchi ya neema kama hii ya Mlima Kenya, mtoto mwenye ulemavu anaweza kudhoofika akiwa ndani ya makao ya watoto ambayo ghala lake limejaa. Jambo la kuulizwa si kile kilichopikwa pekee, bali ni kiasi gani kilichofika tumboni mwake, na kwa njia gani.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria mwaka 2021 kuwa watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, uwezekano wa watoto hao kudumaa ni mkubwa kwa asilimia 34 kuliko wa watoto wasio na ulemavu, na uwezekano wa kukonda kupita kiasi ni mkubwa kwa asilimia 25. Dalili za maambukizi ya njia ya hewa nazo huwapata zaidi, kwa asilimia 53.

Kwa nini hudhoofika

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda asiweze kutawala misuli ya mdomo, ulimi na koo. Hutafuna kwa shida, chakula humwagika, na kumeza humchosha. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mlezi aliyeachiwa watoto sita wa hali hiyo atahitaji saa tatu kwa mlo mmoja tu, ilhali ana nguo za kufua na wengine wa kuogesha.

Hapo ndipo haraka huingia. Mtoto hulishwa akiwa amelala chali, au humiminiwa uji mwepesi ili amalize upesi. Uji huo huweza kupotea njia na kuingia mapafuni, na nimonia ikafuata. Katika miezi ya baridi kali ya Juni hadi Agosti, kifua kinachouma mara kwa mara hudhaniwa kuwa ni cha hali ya hewa, kumbe chanzo ni kijiko. Mtoto anayekataa chakula kwa kuogopa kupaliwa huambiwa kuwa hapendi kula.

Namna ya kulisha

Mtoto akalishwe wima, mgongo na kichwa vikiwa vimeegemezwa, na kidevu kikiinama kidogo mbele. Mlezi akae mbele yake, macho kwa macho, na kijiko kije usawa wa mdomo. Kijiko kikitoka juu, mtoto huinua kichwa, na njia ya hewa huwa wazi. Kijiko kiwe kidogo, na tonge la pili lingoje la kwanza limezwe. Baada ya kula, abaki wima kwa takriban nusu saa. Kumbana pua ili afungue mdomo ni hatari na ni ukatili.

Kiti cha kumtegemeza si lazima kiagizwe ng'ambo. Seremala wa jua kali anaweza kukitengeneza kwa mbao akielekezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Viko pia viti vinavyoundwa kwa makaratasi na maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, mbinu iliyokuzwa Zimbabwe.

Mtoto anayekohoa kila alapo, anayetokwa na machozi au ambaye sauti yake huwa kama ina maji baada ya kumeza, apelekwe hospitali achunguzwe. Baadhi yao huhitaji kulishwa kwa mrija.

Chakula chenyewe

Githeri, chakula cha kila siku katika taasisi nyingi za eneo hili, ni lishe njema kwa mwenye meno na nguvu za kutafuna. Kwa asiyeweza, maganda ya mahindi ni hatari ya kumkaba. Maharagwe yaondolewe, yapondwe pamoja na viazi na mboga za majani, kisha yalainishwe kwa maziwa. Kwa kuwa mtoto huyu hula kidogo, kila kijiko kiwe na nguvu: mafuta kidogo, yai, parachichi au njugu zilizosagwa laini.

Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe madini na vitamini, yakiwemo madini ya chuma. Makao yanayosagisha mahindi ya msaada kwenye kinu cha mtaani hukosa nyongeza hiyo, na yapaswa kuifidia kwa vyakula vingine.

Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitoni na fenitoini, hupunguza vitamini D mwilini. Mtoto anayezitumia na ambaye hushinda ndani anahitaji jua, na daktari aulizwe kuhusu nyongeza. Maji nayo yasisahauliwe, kwani kukosa choo humwondolea mtoto hamu ya kula.

Kupima

Mtoto asiyeweza kusimama hupimwa uzito akiwa amebebwa: mlezi hupima wakiwa pamoja, kisha hutoa uzito wake mwenyewe. Uzito uandikwe kila mwezi. Kwa mwenye umri wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na matibabu hayafai kungoja.

Sheria na familia

Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi, makazi na huduma za afya. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022-2032 unalenga kuwarejesha watoto katika familia. Wengi wao wana mzazi au jamaa aliye hai. Baadhi ya wenye ulemavu waliachwa kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kuwashika mchana.

Mpango wa Inua Jamii huzipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazimwajiri mlezi, wala hazimfundishi nyanya namna ya kumkalisha mjukuu wake. Kwa hiyo kazi ya makao isiishie kumnenepesha mtoto. Kabla hajarudi nyumbani, jamaa atakayempokea aje akae naye mezani siku kadhaa, ajifunze kumlisha kwa mkono wake, na aondoke na kile kiti. Asipofanya hivyo, uzito alioupata kwa miezi mingi huenda ukapotea kwa wiki chache.