Kivumbasi na Mti wa Kwinini

Habari za dawa na milima ya Usambara zikitajwa, wengi hukumbuka kwanza Amani. Huko ndiko Wajerumani walikofungua, mwaka 1902, kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda mti wa kwinini ambao asili yake ni Amerika Kusini. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 na meli zao zikazuiwa baharini, magome ya mti huo yaliwapatia askari wao kwinini ya kupambana na malaria.

Sisi wa Mponde, ng'ambo ya bonde la Lwengera, tunao mmea mwingine wa kukumbuka, ambao haukupandwa na serikali yoyote. Kivumbasi hujiotea kando ya njia na pembeni mwa mashamba ya chai. Wazee wetu walikifukiza ili kufukuza mbu, wakatia majani yake ghalani ili mahindi yasibunguliwe.

Mwaka 1981 wanakemia Chogo na Crank walichapisha uchunguzi wao juu ya kivumbasi cha Tanzania. Walikuta kwamba mafuta ya majani yake yana yujenoli kwa wingi, na kwamba kweli hufukuza mbu. Yujenoli ndiyo hiyo hiyo inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, na ambayo madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutuliza jino.

Hata hivyo, msomaji, kufukuza mbu si kuponya malaria. Mafuta ya mmea hubadilika kwa udongo na kwa majira, na yujenoli ikinywewa kupita kiasi hudhuru ini. Hapana budi kupima. Hata gome la kwinini lilitumika kwa kubahatisha hadi mwaka 1820, Pelletier na Caventou wa Ufaransa walipoitenga kwinini yenyewe, na kipimo kikajulikana.

Historia hii inanifunza jambo moja. Jani haliwi dawa kwa nguvu zake peke yake. Mti wa kwinini ulipata kituo, mashamba na wanakemia kwa sababu wenye mamlaka waliuhitaji. Kivumbasi kilihitajiwa na akina mama wenye watoto na mahindi, nao hawakuwa na maabara. Ujuzi wao ni swali zuri lililokwisha kuulizwa. Kulijibu ni kazi yetu, kabla wanaolijua hawajatutoka.