Samaki Mmoja Akioza, Je, Wote Wameoza?

Sote tumelelewa na methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa muuza samaki ni kweli, maana harufu huenea kapu zima. Lakini binadamu si samaki. Hapa kwetu Garissa na Kaskazini Mashariki nzima, methali hii ilipofanywa kuwa sheria, watu walipoteza roho zao.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 28, hali ya hatari ikatangazwa katika mkoa wetu. Wengi walikuwa wanataka kuungana na Somalia, na baadhi yao walishika silaha. Vita hivyo viliitwa vita vya shifta, na mapatano yalifikiwa Arusha mwaka 1967. Shifta maana yake ni jambazi. Tatizo ni kwamba jina halikubaki kwa mwenye bunduki peke yake. Mchungaji akawa shifta, mama anayeuza maziwa naye akawa shifta. Hili ndilo kosa la kwanza la kufikiri: kuchukua jambo la wachache na kuwavisha wote.

Kosa hilo halikufa na vita. Novemba 1980, maafisa kadhaa wa serikali waliuawa mjini Garissa. Kuua ni kosa, hakuna anayebisha. Lakini badala ya kutafutwa waliofanya, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Je, nyumba ya majani ilimuua nani?

Kisha ikaja Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, watoe silaha. Walikaa juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Hapa kuna kosa la pili: aliyekuwa na bunduki alikuwa na hatia, na asiyekuwa nayo akaambiwa anaificha. Swali ambalo kila jibu lake ni hatia si swali, ni mtego. Halafu likaja kosa la tatu, kuamini hesabu kwa sababu tu imetoka kwa mkubwa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliikataa hesabu hiyo na kusema huenda waliouawa walikaribia 1,000. Na mwaka 1989 Wakenya Wasomali waliamriwa kupigwa msasa na kubeba kadi maalumu, eti kuthibitisha kwamba ni Wakenya.

Lakini jamani, tusijifanye malaika. Mimi mwenyewe nimekaa barazani baada ya taraweh nikasema, "Watu wa bara wote wanatuchukia." Mzee mmoja akaniuliza, "Wote? Umewahesabu?" Nikanyamaza. Wazee wetu wakivuka daraja la Tana walikuwa wakisema wanakwenda Kenya, na uchungu wao una sababu. Lakini uchungu wa kweli unaweza kuzaa hukumu ya uongo.

Tena angalia tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika langu. Wauaji waliwatenga wanafunzi kwa dini. Nao walifikiri vilevile: huyu ni wa kundi fulani, basi ana hatia. Baadaye wako waliotunyooshea kidole sisi sote. Kosa ni lile lile, limebadilisha kanzu tu.

Alhamdulillah, mwaka huo huo tulipata jibu. Tarehe 21 Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Kina mama walikuwa wamewapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Allah amrehemu. Yeye hakuona makundi mawili ndani ya basi. Aliona abiria.

Na haya si mageni kwetu. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, halafu tukajuta. Madrasani tulisomeshwa jinsi wanazuoni wa hadithi walivyomchunguza kila mpokezi peke yake: ni mkweli? Kumbukumbu yake ni nzuri? Aliyemtaja alikutana naye kweli? Uongo wa mmoja haukuwa hukumu ya mji wake mzima.

Basi katika mwezi huu mtukufu, tukifunga tumbo tufunge na ulimi. Ukiletewa habari kwenye simu au barazani kuhusu kabila, ukoo au dini fulani, uliza mambo matatu kabla hujaipeleka mbele: nani kasema? Amejuaje? Ni wangapi hasa waliofanya? Watu wa Bulla Kartasi na Wagalla hawakupata mtu wa kuwaulizia maswali hayo. Tuwaulizie wengine. Ramadhan Kareem.