Ramani ya Wote na Alama za Mmoja

Barabara na mashamba ya chai ya Silibwet, katika Kaunti ya Bomet, huonekana na kila apitaye. Lakini ramani ya nchi huwa na mwenyewe. Huko Uingereza, ramani za Ordnance Survey zililindwa kwa haki ya serikali, na aliyetaka kuzitumia katika kazi yake alilazimika kupata ruhusa na kulipa. Ndipo mwaka 2004 Steve Coast alipoanzisha OpenStreetMap, ramani ichorwayo na watu wa kujitolea katika intaneti.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliingia katika kazi hiyo. Mtaa wao ulikuwa kama uwanja mtupu katika ramani. Wakapima njia, zahanati, shule na mahali pa kutekea maji, wakaitoa kazi yao kwa ulimwengu mzima.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ili tajiri asije akaichukua kazi hiyo na kuifungia, ramani ilitolewa kwanza kwa leseni ya Creative Commons, yenye sharti hili: utakachokitunga kutokana nayo, nawe ukitoe kwa masharti yale yale. Sharti lilikuwa jema, ila lilitungwa kwa ajili ya vitabu, picha na nyimbo. Je, mtu akiweka alama zake juu ya ramani, nazo zilikuwa za wote? Jambo hilo lilileta ubishi mwingi.

Tarehe 12 Septemba 2012 ikashika nafasi yake leseni ya ODbL, iliyotungwa kwa ajili ya hazina za taarifa. Tuseme wakulima wa Silibwet wamepima wenyewe vituo vya kupokelea majani ya chai, wakaviweka juu ya ramani hiyo. Orodha yao ikikaa kando, ni mali yao. Yawapasa tu kuwataja wachoraji wa ramani. Hata karatasi waliyoichapa waweza kuiuza. Lakini wakizichukua barabara za ramani hiyo, wakazisahihisha na kuzitangaza, masahihisho hayo ni ya wote. Vilevile mahali walipopapata kwa kuigeza ramani yenyewe, si kwa kupima.

Basi sheria hii yamwachia mkulima jasho lake, na kulilinda jasho la kijana wa Kibera. Msomaji atakayeongeza njia ya kijiji chake katika ramani hiyo na ajue kwamba kazi yake haitafungiwa na mtu mmoja.