Nani Mwenye Damu? Adhabu ya Kifo katika Kenya

Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, warithi wa aliyeuawa ndio waliokuwa na hiari: kudai kisasi, kupokea dia au kusamehe. Miongoni mwa Wagikuyu, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika mwaka wa 1938, ukoo wa mwuaji ulilipa mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 30 tu kwa mwanamke. Mizani hiyo haikuwa sawa. Hata hivyo, mila zote mbili ziliafikiana kwamba damu ina wenyewe, nao ni jamaa za marehemu.

Sheria ya Kiingereza iliwapokonya jamaa haki hiyo na kuikabidhi Serikali. Kitanzi kikawa cha dola, na mfiwa akawa shahidi tu. Natija yake ilidhihirika wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, ambapo watu zaidi ya 1,000 walinyongwa, wengi wao kwa makosa yasiyokuwa ya kuua. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kuwa na bastola na risasi. Hapakuwa na damu ya kulipiwa katika shtaka hilo.

Tangu 1987 hakuna aliyenyongwa nchini, na mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa kumhukumu mwuaji kifo. Lakini adhabu yenyewe ingalimo sheriani. Mjadala wahusu kama Serikali iue au isiue. Ni nadra kuulizwa iwapo mfiwa aweza kusamehe.