Breki ya mbele inaposhika: Namna ya kutambua hitilafu

Breki ya diski inayoendelea kushika baada ya kuachiliwa si kero tu. Diski hupata moto, mafuta ya breki huchemka, na mwendeshaji anapobana tena hapati breki. Hitilafu hii huwapata hasa wanaopita kwenye mchanga na vumbi, kama ilivyo Lokori, Turkana Mashariki, kando ya Mto Kerio.

Kwanza, acha pikipiki ipoe, inua gurudumu la mbele kisha ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, legeza kidogo skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa. Gurudumu likiwa jepesi papo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa: kagua iwapo mkono wa breki unarudi hadi mwisho, kitundu cha kurejeshea mafuta katika silinda ya juu kimeziba, au mpira wa breki umebomoka kwa ndani.

Likisalia zito, tatizo limo katika kalipa. Toa pedi, safisha pistoni kwa mafuta ya breki kabla ya kuirudisha ndani, kisha paka pini grisi ya breki. Pistoni yenye kutu hubadilishwa.

Petroli na oili ya injini zisitumiwe kamwe, kwani huvimbisha sili za mpira. Hatimaye toa hewa, ongeza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na ujaribu breki kwa mwendo wa polepole kabla ya kubeba abiria.