Mgeni katika Nafasi ya Mwimbaji

Kila kikundi cha muziki kinachodumu miaka mingi hufikwa na siku moja ngumu, nayo ni siku ambayo sauti iliyokitambulisha mbele ya watu hunyamaza. Mpiga gitaa akiondoka, aghalabu msikilizaji wa kawaida hatambui. Mpiga ngoma akibadilishwa, wachache tu huuliza. Lakini mwimbaji akifa, watu huona kwamba kikundi chenyewe kimekufa. Je, wale wanaobaki wana haki ya kuendelea? Na kama wanayo, waendelee kwa njia gani pasipo kumdhulumu aliyetangulia mbele ya haki?

Katika insha hii tunakusudia kulichunguza suala hilo kwa mfano wa Queen, bendi ya muziki wa roki ya Uingereza, ambayo mwaka 2005 ilianza tena kuzunguka duniani ikiwa na mwimbaji mgeni, Paul Rodgers. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha waziwazi taabu na faida za kumkaribisha mgeni mahali pa marehemu. Pili, marehemu mwenyewe alizaliwa Unguja.

Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya Kiingereza. Akiwa bado mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na huko alipiga piano na kuunda kikundi cha muziki pamoja na wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, yeye na jamaa zake walihamia Uingereza.

Mwaka 1970 aliungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, wakaunda Queen. Mpiga besi John Deacon alijiunga nao mwaka 1971. Tangu hapo watu hao wanne walikaa pamoja kwa miaka 20 bila ya mmoja wao kutoka wala mwingine kuingia. Tena wote wanne walikuwa watunzi. Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ilitungwa na Mercury. Lakini We Will Rock You ilitungwa na May, Another One Bites the Dust na Deacon, na Radio Ga Ga na Taylor. Kwa hiyo sauti ilikuwa ya mtu mmoja, bali nyimbo zilikuwa za watu wanne. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu, na msomaji hana budi kukikumbuka tunapoendelea.

Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na umri wa miaka 45, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba alikuwa na UKIMWI. Wenzake watatu hawakukimbilia kutafuta mrithi. Tarehe 20 Aprili 1992 waliandaa onyesho la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000. Siku hiyo waimbaji wengi walipokezana nyimbo zake, miongoni mwao George Michael, David Bowie, Elton John na Liza Minnelli. Mzigo uliobebwa na mtu mmoja sasa uligawanywa kwa wengi, kama majirani wanavyogawana kazi za msiba. Mwaka 1995 ilitoka albamu ya Made in Heaven, iliyojengwa juu ya sauti ambazo Mercury aliziacha katika kanda. Baada ya mwaka 1997 Deacon alistaafu muziki. Wakabaki wawili: mpiga gitaa na mpiga ngoma, wenye nyimbo ambazo dunia nzima ilizijua, lakini hawana mtu wa kuziimba.

Hali ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2004, May alipopiga gitaa pamoja na Rodgers katika onyesho moja huko London. Rodgers hakuwa kijana anayetafuta jina. Alizaliwa Middlesbrough mwaka 1949, akaanza kuvuma na bendi ya Free iliyoundwa mwaka 1968, kisha na Bad Company iliyoundwa mwaka 1973. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mizizi katika blues, yaani nyimbo za majonzi za Wamarekani Weusi, wala haikufanana hata kidogo na sauti ya Mercury iliyopenda kupaa na kujipamba. Wapo waliouona utofauti huo kuwa kasoro. Sisi twauona kuwa ndio uliomwokoa mgeni. Anayemwiga marehemu huwakumbusha watu kila dakika kwamba yeye siye. Anayeimba kwa sauti yake mwenyewe huwaachia watu nafasi ya kuusikiliza wimbo.

Onyesho lao la kwanza lilifanyika katika ardhi ya Afrika, huko George, Afrika Kusini, tarehe 19 Machi 2005. Lilikuwa sehemu ya kampeni ya kupambana na UKIMWI iliyoitwa 46664, yaani namba aliyopewa Nelson Mandela gerezani. Kutoka hapo walikwenda Ulaya, Japani na Amerika ya Kaskazini.

Katika safari hizo wenyeji walifanya mambo matatu yanayostahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza ni jina. Matangazo hayakusema Queen tu, bali Queen + Paul Rodgers. Alama hiyo ndogo ya kujumlisha ilikuwa na maana kubwa: ilimwambia mnunuzi wa tikiti kwamba huyu ni mgeni aliyeongezwa, wala si mrithi aliyetawazwa. Pili, mgeni hakuja mikono mitupu. Aliziimba pia nyimbo zake za zamani, kama All Right Now ya mwaka 1970, na wenyeji wakampigia. Tatu, marehemu alibakiziwa mahali pake. Ulipofika wakati wa Bohemian Rhapsody, picha na sauti ya Mercury mwenyewe vilionyeshwa jukwaani, na wenzake wakaipiga muziki sauti hiyo ya mtu asiyekuwapo. Mgeni aliingia mwishoni tu kuwasaidia kufunga wimbo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji hawa walipona kweli, kwani walirudi jukwaani walikopazoea. Lakini wahenga hao hao walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 2008 Rodgers alipewa jembe: watatu hao walitunga na kurekodi albamu mpya, The Cosmos Rocks. Septemba mwaka huo waliimba katika mji wa Kharkiv, Ukraine, kwa ajili ya kampeni nyingine ya UKIMWI, mbele ya umati uliokadiriwa kuzidi watu 350,000. Hata hivyo, nyimbo mpya hazikupendwa kama zile za kale, na mwaka 2009 waliagana kwa amani. Baadaye Mmarekani kijana, Adam Lambert, aliyezaliwa mwaka 1982, alianza kuimba nao kwa utaratibu ule ule wa alama ya kujumlisha, na ushirika huo umedumu miaka mingi kuliko ule wa kwanza.

Tunajifunza nini hapa? Waliolaumu walisema kwamba jina la Queen lilipaswa kuzikwa pamoja na mwenyewe. Lawama hiyo tunaielewa, kwa maana inatokana na mapenzi. Lakini inasahau kwamba May na Taylor nao walikuwa wenyewe. Kuwanyima nyimbo walizotunga kwa sababu mwenzao amekufa kungekuwa dhuluma nyingine. Palipo na ugumu wa kweli ni katika kutunga mapya chini ya jina la kale, maana hapo mgeni hasaidii kutunza urithi tu, bali anatakiwa kuuongeza.

Sisi wenyewe tumelijua jambo hili zamani. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, kimepita katika vinywa vya vizazi kadha vya waimbaji, nacho bado ni Ikhwani Safaa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 iligeuka Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mwimbaji wake mashuhuri Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliiacha akaimba kwingine, kisha akarejea, na bendi haikusimama. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, lakini nyimbo zake ziliendelea kusikika katika kinywa cha Bi Kidude mpaka naye alipofariki mwaka 2013. Bi Kidude hakuiiga sauti ya Siti. Aliimba kwa koo lake mwenyewe lililokwaruza, na kila aliyemsikiliza alijua kwamba anamsikia Bi Kidude na kwamba wimbo ni wa Siti.

Basi tunawashauri walimu wawaulize wanafunzi wao swali hili: katika kijiji chako au mtaa wako, ni wimbo gani ambao aliyeuanzisha amekwisha kufa, na ni nani anayeuimba leo? Jibu likipatikana, waulize tena kama mwimbaji wa leo anamtaja yule wa kwanza kabla ya kuanza kuimba. Anayemtaja amelipa deni lake. Asiyemtaja amekalia kiti cha mtu bila ya kubisha hodi, hata kama sauti yake ni tamu kiasi gani.