Kutoka Sokoni Hadi Mfukoni: Kamari, Vijana na Wazazi wa Gisenyi

Mashine ya kamari inayomeza sarafu huitwa kwa Kinyarwanda ikiryabarezi. Mswahili hahitaji kamusi ili kulifungua neno hili: rya ni kula, barezi ni walezi. Kitu kinachokula walezi. Ni jina la mitaani, nalo limebeba hoja nzima ndani yake, kwamba anayecheza ni kijana lakini anayeliwa ni aliyemlea. Katika insha hii nafuata safari ya kamari katika mji wa Gisenyi, nikipita pia kwa majirani zetu, kutoka sokoni hadi kwenye simu. Naamini kila ilipohama, wazazi waliendelea kuilinda nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Kamari ya zamani ilikuwa na mahali. Kinyarwanda kinaiita urusimbi, neno linalomkumbusha Mswahili simbi, yaani kauri. (Igisoro, ndugu yake bao, tusiichanganye humu, huo ni mchezo wa akili, na wazee wangekasirika.) Karata tatu na michezo mingine ya pesa ilichezwa kando ya soko au nyuma ya baa, mbele ya macho ya watu. Mzazi aliyepata habari alijua pa kwenda. Katika mitaa ya Waislamu kama Majengo, kulikuwa pia na sauti ya mashehe, kwa kuwa Kurani katika sura ya al-Maida inakataza kamari pamoja na ulevi. Silaha kubwa ilikuwa aibu, na aibu ilifanya kazi kwa sababu kamari ilionekana.

Lakini Gisenyi si mji kama mingine. Mpaka uliokubaliwa na wakoloni mwaka 1910 uliigawa ardhi moja ya ufukwe wa Kivu, na leo Goma na Gisenyi zinatazamana kama vyumba viwili vya nyumba moja. Kwenye Petite Barrière, wanawake huvuka alfajiri na nyanya, maziwa na mboga, wakarudi jioni. Vijana nao hupata riziki ya kubeba mizigo. Hapa pana mambo mawili ambayo mwanahistoria wa kamari hawezi kuyapita: kijana ana sarafu mkononi kila siku bila kumwomba mtu, na mlezi hayupo kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Mama huyo hajamtelekeza mwanawe. Anatafuta karo.

Hatua ya pili ilianza na sheria. Sheria Na. 58/2011 ya tarehe 31/12/2011 iliipa michezo ya kubahatisha hadhi ya biashara yenye leseni, na ikawazuia walio chini ya miaka 18. Mwaka 2012 ikafuata sheria ya kodi: asilimia 13 ya mapato ya kampuni na asilimia 15 ya pesa za mshindi. Hapo kamari ikapata paa, taa na mlinzi mlangoni. Kumbi za kubeti zikafunguliwa mijini, na katika muongo huohuo ibiryabarezi vikaenea hadi madukani na kwenye baa za vijijini, vikila sarafu ya faranga 100. Umri ulioandikwa kwenye sheria ulihitaji mtu wa kuuliza, na mwenye duka dogo hana sababu ya kumuuliza mteja umri wake. Baadaye serikali ilivisaka na kuvikamata, lakini somo lilikuwa limeshaingia: kitu kinachofanana na mchezo wa mtoto kiliwekwa palepale mtoto anapotumwa chumvi.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, na iliandaliwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria kamari hata kidogo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Huduma ya pesa kwa simu ya MTN ilifika Rwanda mwaka 2010. Ilikuwa neema kwa mama wa mpakani, aliyeacha kutembea na noti kwenye kanga. Kisha mwaka 2014 SportPesa ikaanza Kenya, na eneo zima likaona kinachotokea mpira wa Ulaya, simu na pesa ya simu vinapokutana. Serikali zilishtuka kila moja kwa namna yake. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, iliweka umri wa miaka 25. Kenya mwaka 2019 ilikataa kuzihuishia leseni kampuni kubwa, SportPesa ikiwemo. Sheria zote hizo zina mpaka, na simu ya Gisenyi hushika mtandao wa ng'ambo.

Janga la korona lilionyesha jinsi kamari ilivyokwisha kuachana na mahali. Machi 2020 kumbi zilifungwa na ligi zikasimama, lakini Belarus iliendelea kucheza, na wabetaji duniani kote wakajifunza majina ya timu za Minsk. Waliokosa mpira walipewa mechi za kubuniwa na kompyuta, zinazokwisha kwa dakika chache.

Sasa, mzazi afanye nini? Ushauri tunaousikia ni ule wa hatua ya kwanza: mkemee, mfuate, mwaibishe. Kijana anayebeti kitandani chini ya blanketi hana mahali pa kufuatwa. Nadhani mzazi anahitaji kwanza kujua kitu chenyewe kinavyofanya kazi, na hesabu yake haihitaji shule kubwa. Tuseme kijana anaweka mkeka wa mechi kumi, kila moja ikiwa na nafasi sawa kama ya kurusha sarafu, na kampuni inalipa 1.85 kwa kila mechi. Nafasi ya kupata zote kumi ni moja kati ya 1,024. Kwa haki, faranga 100 zingelipwa 102,400. Kampuni italipa 46,959. Zaidi ya nusu imebaki kwake, na kila mechi inayoongezwa huongeza sehemu yake. Mwaka 2025 Rwanda ilipandisha kodi hadi asilimia 40 kwa kampuni na 25 kwa mshindi, kwa hiyo mkeka huo wa maajabu ungemfikia kijana kama faranga 35,000. Mzazi anayeweza kuichora hesabu hii kwenye daftari hatasikilizwa kama anayesema tu "ni dhambi", hata kama ni dhambi.

Pili, laini ya simu. Kitambulisho cha taifa hutolewa katika miaka 16, na kamari huruhusiwa katika 18. Aliye chini ya hapo hubeti kwa jina la mtu: la mama, la kaka, la rafiki mkubwa. Katika nyumba nyingi jina hilo ni la mzazi mwenyewe bila yeye kujua. Miamala ya karibuni inaweza kuonekana kupitia *182#, na mzazi asiyejua kusoma anaweza kusomewa na mtu anayemwamini, asiwe kijana huyohuyo. Vipunguo vidogo vya faranga mia mbili, mia tano, vinavyorudiarudia usiku, vinasema zaidi kuliko simu mpya au viatu vipya. Dalili nyingine ni za nyumbani: karo inayochelewa kufika shuleni, kitu kinachouzwa kimya kimya, hasira siku za Jumatatu.

Kosa linalozidisha mambo, nionavyo, ni mzazi kulipa deni kwa siri ili kuficha aibu. Kijana anayekimbiza pesa iliyopotea huliona deni lililolipwa kama mtaji mpya. Tena siri hiyo inaua faida ya ile aibu ya zamani, ambayo angalau iliwafanya majirani wazungumze. Rwanda tuna mahali pa mazungumzo hayo, umugoroba w'imiryango, ambapo familia za mtaa hukutana jioni kujadili mambo ya nyumbani. Wanaovuka mpaka huwa wamerudi saa hizo.

Kwa kijana aliyejaribu kuacha akashindwa, jambo hili si la kukemewa tena. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliihamishia kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa. Hospitali za wilaya nchini Rwanda zina huduma ya afya ya akili, na ya Gisenyi ni mojawapo. Mzazi aende na kijana wake, na orodha ya ile miamala mkononi.